Winchi Niliyoichagua kwa Macho

Jumatano, mwezi kumi na tano, Mfunguo Tatu. Alasiri.

Mbingu nyeupe, hakuna wingu wala upepo, nami nimekaa juu ya paa na daftari magotini. Tangu asubuhi niko kama mtu aliye nusu usingizini. Nikifumba macho naliona gari la ng'ombe likiteleza, taratibu, bila sauti, kana kwamba halina uzito.

Lakini lilikuwa na uzito. Na mbele yake alikuwa Athmani.

Mimi na shemeji yangu Athmani tuna tishali, mashua pana ya kubebea mizigo. Mwezi huu tumepata kazi ya kupeleka magari manne ya ng'ombe Siyu, kwa bwana mmoja mwenye mashamba. Mkono wa bahari wa Siyu hauingiliki ila maji yakijaa, kwa hiyo sisi hupakia hapa Amu maji yakiwa yamepwa, ili yakianza kupanda twende nayo. Gari hushushwa kutoka gatini juu ya mbao mbili, watu wameshika kamba nyuma, na Athmani hutangulia mbele yake akirudi kinyumenyume, kabari ya mti mkononi, tayari kuitia chini ya gurudumu.

Dada yangu Mwana Esha, mkewe, amechoka na kabari hiyo. Ndiye aliyenituma nikatafute winchi ya mkono, mashine ya kuzungushia kamba na kuteremshia mzigo. "Wewe wayua vyombo, kakangu," aliniambia. "Nitolee mume wangu tini ya lile gari."

Dukani kulikuwa na winchi mbili. Moja nyeusi, nzito, imejaa grisi, ina gurudumu la meno na ulimi wa chuma unaoangukia kila jino, ili kamba isikimbie hata ukiachia mpini. Ilipozungushwa ilipiga kelele mpaka paka akatoka mbio. Ya pili ilikuwa ndogo, mpini wake wa shaba, haina meno wala ulimi, inazunguka kimya kama maji ya birika. Mwenye duka aliniambia wazi kwamba ile nyeusi ndiyo ya mizigo ya kuteremka. Nilimsikia. Mkono wangu ulikuwa umeshauzoea mpini wa shaba, nikainunua hiyo ndogo.

Sikuwa mzembe kabisa. Nilitaka kuijaribu kwanza, tena maji yakiwa yamepwa. Tulishusha gari tupu na likapita kwenye mbao kama bibi harusi anayepelekwa chumbani. Nilisimama pale nikiota mchana kweupe: magari yote ya dunia yakishuka kimya kwa mkono wangu mmoja, watu wakisema huyu ndiye aliyeleta. Jioni Mwana Esha aliniletea sahani ya mkate wa kumimina. Niliumaliza wote.

Siku hiyo ilikuwa mwezi wa nane, siku ya nane tangu mwezi kuandama.

Mtoto yeyote wa Amu anajua mwezi wa nane ni maji mafu. Bahari hupwa kidogo tu, tishali hubaki juu, na mbao hulala karibu sawa na gati. Mimi najua mwezi kuliko ninavyojua jina la babu yangu, na bado sikuuhesabu. Nilitazama maji yakiwa chini nikasema yamepwa, basi.

Leo ni bamvua, siku za maji makuu. Saa nne asubuhi bahari ilikuwa imekimbia, tishali imeshuka huko chini, na mbao zimesimama kama ngazi ya kupandia darini. Athmani alizitazama, akanitazama. "Yeo si mai mafu, shemegi," alisema, polepole, bila kunilaumu. Nikamjibu winchi ipo. Akashika kabari yake akatangulia.

Gari lilipovuka ukingo, mpini ulinitoka mkononi. Ukazunguka hata sikuuona tena. Athmani aliitupa kabari chini ya gurudumu, ikapasuka, ikalichelewesha gari kiasi cha pumzi moja, naye akaruka kando akaangukia tope. Gari likapita mahali alipokuwa. Lilikisaga kiatu chake kimoja.

Kiatu tu, alhamdulillahi. Nilikiokota nikamfuata topeni.

Sasa maji yamejaa tele, nasi safari ya leo tumeiacha. Kutoka hapa naliona gati limelingana na tishali, mbao zimelala tena, kila kitu kizuri na kimya, utadhani asubuhi ile niliiota. Ningependa sana kuamini hivyo. Huo ndio ugonjwa wangu: kitu kikiwa laini naona ni salama.

Athmani amemwambia mkewe kwamba aliteleza kwenye mwani. Amenifichia. Na Mwana Esha, masikini, ameleta sahani nyingine mchana, akanishukuru kwamba bila winchi yangu mumewe angeumia zaidi. Sahani iko hapa kando. Sijaigusa.

Nitairudisha sahani kama ilivyo, nimweleze Mwana Esha mimi mwenyewe kabla jua halijazama. Atalia, kisha atanikasirikia, na hasira yake ni haki yake. Ile winchi nyeusi nimeshaiagiza, na mwenye duka anasema italetwa keshokutwa. Gari la pili linapakiwa kesho, na bamvua bado halijaisha.

Kabari mpya nimeichonga mchana huu kwa mti mgumu, pana kuliko ya kwanza. Kesho Athmani atashika kamba huko juu. Kabari nitaishika mimi.