Bwana Afya Hakukuua

Baba,

Pokea salamu zangu, ingawa sina uso wa kukusalimia. Mara mbili nimeianza barua hii kwa habari njema, na mara mbili nimeichana. Habari njema zipo. Njia ya mbio za punda imetengenezwa, Baba. Ile ile uliyoilalamikia kila Sikukuu tangu mie sijajua kusoma: kutoka msikitini, kuteremka penye mawe, kuvuka mtaro, mpaka kiwanja cha skuli. Mawe yameng'olewa. Mteremko umemwagiwa mchanga. Pale mtaroni zile boriti mbovu zilizomvunja Khamisi mtulinga zimeondolewa, zimewekwa mbao nene zenye ukingo pande zote mbili. Kuna hata birika la maji la punda, chini ya paa la makuti. Ungeiona Kiuyu yetu ungesema tumehamishiwa nchi nyengine.

Lakini mtaroni pamesimamishwa ubao wa kijani. Una jina lako, na una uongo wangu.

Nikueleze tangu mwanzo, maana hukumpenda mtu wa kuzungukazunguka. Ulipokufa mwaka jana, kamati ya mbio ilinifanya katibu, si kwa sifa yoyote ila kwa kuwa ni mwalimu na kalamu naijua. Mzee Faki, mwenyekiti, akaniambia, "Baba yako kaudai mtaro huu mpaka kafa. Tuandikie maombi, mwanangu." Nikawaandikia wafadhili wenye ofisi mjini Chake. Maombi ya kwanza yalikuwa kweli tupu: mawe, boriti, mtulinga wa Khamisi. Yakakataliwa. Bi Salma wa pale ofisini, mama mpole asiye na kosa lolote katika haya, alinipigia simu akasema waombaji ni wengi na wakubwa wake wanaanza na penye hatari zaidi. Akauliza, "Mwalimu, kwani hapo hapajafa mtu?"

Nikasema, "Baba yangu."

Nilijiambia kwamba si uongo, kwa kuwa kweli umekufa. Lakini siku ile ile, wakati wa mapumziko, nilikaa kwenye kompyuta ya skuli nikaandika kwamba ulifia mtaroni, punda wako alipokosea kuruka akakuangusha. Nilirudi hata kusahihisha nukta. Kengele ilipolia nikaenda kusomesha darasa la tano.

Nawe ulikufa kitandani kwako, mchana, kwa sukari, mguu umefungwa kitambaa cheupe nilichokifua kwa mikono yangu. Mama alikuwa upande wa kichwa, mie miguuni. Kabla hujaanza kutamka shahada ulifungua macho ukauliza, "Yuno keshakunywa maji?" Tukajua unamuulizia Bwana Afya, punda wako. Nikakujibu ndiyo, keshakunywa. Hilo halikuwa uongo.

Na punda niliyemsingizia ni yeye! Bwana Afya, uliyempa jina hilo kwa sababu hakupita mahali bila ya kupakagua. Akifika mtaroni alisimama, akainamisha kichwa, akanusa boriti moja moja kama bwana afya anayetafuta kosa mkahawani, watu wakivunjika mbavu na punda wenziwe wameshafika skuli. Miaka yote ile hakushinda hata mara moja. Na hakukuangusha hata mara moja. Vijana walikutania, "Mzee Makame, mwaka huu utafika lini?" nawe ukawajibu, "Nitafika mzima." Nikiwa mdogo niliona haya kuwa mtoto wa mtu anayefika wa mwisho. Leo naijua haya yenyewe ilivyo, na ile haikuwa haya, ulikuwa utoto.

Maombi ya pili yalikubaliwa. Wakaja wageni na mpiga picha, na mie nikajipa moyo kwamba hapatakosa mtu wa kunisahihisha, maana kijiji kizima kilikuzika. Bi Salma akauliza, "Ni wapi hasa alipoangukia?" Mzee Faki akanitazama, akautazama mtaro, akasema, "Hapa." Akamwonesha mpaka jiwe lililokupasua kichwa. Sheha akatikisa kichwa kwa huzuni. Nyuma yetu mtu mmoja akalia, nami nadhani alilia kweli. Siwalaumu. Waliitaka njia kama nilivyoitaka, na mlango niliwafungulia mie.

Kisha likaja sharti la wafadhili. Punda aliyeua mtu asikanyage njia ile, kwa usalama wa watoto. Nikatia saini, Baba. Kalamu yako ile ya mfukoni, niliyoirithi, ndiyo niliyotilia saini.

Sasa watoto wa chuo cha Kurani wakimwona Bwana Afya wanakimbia. "Punda muuaji! Punda muuaji!" Wao ni wadogo, maziko yako hawakuyahudhuria; wameyasikia haya kwa wageni na wakubwa hawakuyakanusha. Hakuna anayekuja kumwazima kubebea nazi. Juzi mmoja alimpiga jiwe la sikio. Bwana Afya hakukimbia wala hakurusha teke. Aliinama akalinusa lile jiwe.

Na bado sijakwambia baya zaidi. Ubao uliposimamishwa, umeandikwa maneno yale yale ya maombi yangu kwamba ulifia hapo, Mama alitaka apelekwe akaone jina lako. Unajua Mama msahafu anausoma vizuri, ila herufi zetu hizi hazijui. Akaniuliza, "Wamemwandika nini?" Nikasoma: "Mwenyezi Mungu amrehemu Mzee Makame, mpenzi wa punda." Mama akautazama ubao toka juu mpaka chini. "Maneno yote yale, na ndiyo hayo tu?" Nikamwambia maandishi ya ofisini huwa marefu. Mama yangu mzazi, mbele ya jina la mumewe, nikamfanya mjinga.

Leo asubuhi nikashindwa. Nilimkuta jikoni anakuna nazi, nikamwambia yote, nimepiga magoti kwenye vumbi la jikoni kama mtoto aliyevunja chungu. Hakuacha kukuna. Alipoimaliza nusu ile ndipo akasema, "Nilijua siku ile ile. Ulisoma bila ya kuutazama ubao." Kisha akasema, "Mie nimekusamehe. Baba yako huko aliko hana haja na ubao. Lakini yule aliyeko bandani hana ulimi, na weye ndo uliyemsemea."

Alasiri nikamfungua Bwana Afya nikampeleka mtaroni, sharti na saini yangu nikaviacha nyumbani. Alisimama pale pale alipokuwa akisimama nawe. Akanusa ubao wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akanusa ukingo. Nilisimama nyuma yake nalia na kucheka, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwa na haraka naye. Halafu akavuka, taratibu, akaenda birikani, akayanusa maji, akanywa.

Kesho kutwa ni Sikukuu, na njia itafunguliwa. Katibu nimepangiwa kipaza sauti niwaeleze watu habari zako na kifo chako. Bi Salma nimemwandikia barua ya kweli, nitampa mkononi kabla watu hawajakusanyika, asije akafedheheka hadharani kwa kosa langu. Nimekwenda kumwambia na Mzee Faki. Akasema, "Utatubomolea, Mwalimu," akaingia ndani, na hakunikaribisha. Huenda ni kweli. Huenda wakang'oa mbao zao, na mwakani Khamisi mwengine akavunjika, na kila atakayevunjika nitahesabiwa mie. Huenda na skuli wakaniuliza ninawafunza nini watoto wa watu. Naogopa, Baba. Sikufichi.

Lakini nitakwenda, na sitakwenda peke yangu. Nitamshika kamba Bwana Afya kuanzia msikitini, tuteremke, tuvuke mtaro mbele ya umati wote, akague kila ubao kadiri apendavyo hata kama watu watachoka kusubiri. Tutafika wa mwisho. Nitasimama naye chini ya ubao ule wa kijani, niusome mzima mzima kama ulivyoandikwa, nikiutazama, kisha niseme nani kauandika.

Nisamehe, ukiweza. Lala pema, Baba yangu. Wakikuuliza huko ulikufaje, unalijua jibu. Huku nitawajibu mie: alikufa kitandani kwake, akiulizia maji ya punda wake.

Mwanao,
Asha