Nusu Yangu ya Kitabu

Kihesa, Iringa
4 Machi 1977

Mdogo wangu Sekela,

Kamwene! Hujambo huko Ilomba? Baba yako Asukile na kifua chake je? Mimi mzima, ila kile kitabu chetu cha hadithi kimenichosha. Siku ile ya kuagana chuoni, tulipokikata kwa wembe kila mtu nusu yake kama doti ya kanga, nilijiona nimepata nusu nzuri. Sasa sikia. Elina yuko stesheni na sanduku lake. Mara mwandishi anaingia mwenyewe, anasema amechoka, hajui Elina aondoke au abaki, msomaji ndiye achague! Akibaki, endelea na nusu yangu. Akiondoka, ruka kwenye yako. Mimi nimembakiza. Tangu hapo kila sura anaamka, anachemsha chai, anafagia, kwa maneno yaleyale. Nilidhani nasinzia. Huko kwako kuna nini?

Dada yako,
Apolonia

Ilomba, Mbeya
21 Machi 1977

Dada Apolonia,

Ugonile! Sisi wazima. Baba anakohoa lakini kanisani haachi kwenda. Nusu yangu ndiyo wazimu mtupu. Elina anateremka kwenye stesheni isiyo na jina, anakutana na mwanamke anayesoma kitabu kinachomhusu yeye Elina, na mwanamke huyo anamwomba asimwambie mwisho. Kisha ukurasa mtupu. Nimeuweka kwenye mwanga wa dirisha, hakuna kitu.

Dada, kuna jambo jingine. Ndalahwa, yule kijana wa Kisukuma niliyekusimulia, wa wale waliohamia Usangu na ng'ombe wao, ameleta washenga. Baba hapendi. Anasema wenye ng'ombe wakiona majani kwingine wanahama, hatajua pa kunitafuta. Lakini ameniachia niamue mwenyewe, na jibu wanalifuata baada ya Pasaka. Kumpenda nampenda, ila kichwa kinazunguka. Niende au nibaki?

Mdogo wako,
Sekela

Kihesa, Iringa
2 Aprili 1977

Mdogo wangu Sekela,

Kamwene, hatujambo, mvua tu. Huo ukurasa mtupu umeninyima raha. Nimempa mwalimu mwenzangu Ambrosi nusu yangu, akasema kimechapwa vibaya, tukirudishe dukani! Mimi naona Elina hakuwahi hata kufika stesheni. Au labda Elina ndiye mwandishi. Nitumie nusu yako tukishone.

Dada yako,
Apolonia

Ilomba, Mbeya
12 Aprili 1977

Dada,

Salamu. Nilikuuliza habari zangu, ukanijibu za Elina. Barua yako nimeisoma mbele na nyuma nikilitafuta jina la Ndalahwa. Washenga wanakuja Jumamosi. Nusu yangu siitumi.

Sekela

Kihesa, Iringa
19 Aprili 1977

Sekela, mdogo wangu,

Hujambo? Usinikasirikie. Niliogopa kukujibu. Jumamosi imepita, najua, lakini hata kama ulikubali, kukubali bado si kuolewa. Basi nasema: usiende. Shule yetu inatafuta mwalimu, chumba changu kinatutosha. Ndalahwa sina ubaya naye. Ni mimi tu, tangu chuoni sijapata mwingine wa kucheka naye. Nusu yangu nimekufungia humu, ukae nayo.

Dada yako,
Apolonia

Utengule, Usangu
3 Julai 1977

Dada Apolonia,

Ugonile. Kifurushi chako kilifika Ilomba nimeshaondoka, baba amekileta leo, amekuja kunitazama. Mimi nimeolewa tangu Mei. Kama jibu lako la kwanza lingesema hivi, ningekuja Kihesa. Nimelia, nimemaliza.

Ndalahwa ni mwema. Mama yake ananisemesha Kisukuma kutwa, nami naitikia tu, sijui nimeshakubali mangapi. Asubuhi naamka, nachemsha chai, nafagia. Yaani nimeondoka, nikaingia kwenye nusu yako! Sijui nicheke au vipi.

Huku karatasi ni shida, kwa hiyo nakuandikia kwenye ule ukurasa mtupu. Nusu zote mbili sasa ziko kwangu, sindano na uzi vipo. Uje likizo. Ila huu ukurasa usiutupe dada, uje nao.

Mdogo wako,
Sekela