Skrini Niliyoizima

Soweto, Mbeya

Mama yangu, kamwene.

Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua umeimaliza mwenyewe, au umemgawia jirani kama kawaida yako? Mimi mzima. Baridi ipo, ila mtoto wa Iringa halalamikii baridi ya watu.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ningelia, halafu ungelala na mawazo. Ile nafasi ya kurudi Iringa nimeikosa. Amepewa Atupele.

Atupele ni mwenzangu wa meza ya pili, pale ofisini Mbalizi tunakoandikisha wakulima wanaochukua mbegu. Nikwambie ukweli, namwonea wivu, tena wivu wa kunikosesha usingizi. Kompyuta zetu zilipowekewa Linux, mfumo ambao wote tulikuwa hatuujui, yeye aliuzoea kwa siku mbili. Zikaletwa skrini za ziada, kila mtu awe nazo mbili: fomu ya mkulima huku, daftari kule. Zake zikawaka mara moja, bosi akasimama nyuma yake anatabasamu kama aliyepata mjukuu. Na bosi alishatuambia kwamba atakayeiweza kazi hii ndiye ataenda kufungua tawi la Iringa.

Zangu zilinisumbua. Kwanza zote mbili zilionyesha kitu kilekile. Nikahangaika kwenye mipangilio mpaka zikawa uwanja mmoja, lakini nikipeleka mausi kulia, mshale unagota ukingoni. Nikipeleka kushoto, unatokea skrini ya kulia.

Atupele akaniuliza, "Dada Semeni, nikuelekeze? Ni kukavuta tu kale kapicha ka skrini, ukapeleke upande wa pili."

"Asante, nimeshazoea hivihivi," nikamjibu.

Alipotoka, nikazibeba skrini zenyewe. Ya kulia nikaiweka kushoto, ya kushoto nikaiweka kulia. Mshale ukatii, nikajiona fundi.

Siku ya kupimwa ikafika. Nikamwona Atupele anachungulia meza yangu, na sikutaka agundue kwamba nimezihamisha skrini zenyewe, basi nikaizima moja kwa kitufe chake, ionekane natumia moja tu. Bosi akaja, akasema, "Haya, fungua daftari la Chunya." Nikabofya, kimya. Nikabofya tena, kimya. Jasho likanitoka na baridi yote ile.

Mama, sikujua kwamba ukizima kioo, kompyuta bado inahesabu kwamba kipo. Daftari lilikuwa limefunguka kulekule gizani.

Bosi alipogeuka aende zake, Atupele akanyoosha mkono akabonyeza kile kitufe. Daftari likatokea, wakulima wote wamepangwa vizuri kuliko kwake.

"Bosi, kazi yake hii hapa," akasema.

"Nimeiona," bosi akajibu. "Lakini Iringa nataka mtu wa kufundisha wenzake, na wewe ndiye uliyejua tatizo liko wapi."

Angekuwa mtu mbaya ningefurahi, ningepata wa kumchukia. Shida ni kwamba ana roho nzuri. Hata Iringa yenyewe haijui, na hakuiomba. Mimi niliyekuwa najihesabia siku za kuja kukuchotea maji ndiye niliyebaki huku.

Anafika Jumatatu. Hana ndugu huko, ameniomba afikie kwetu mpaka apate chumba. Nimekubali, ningesemaje? Mpe kitanda changu na lile blanketi zito. Maji atakuchotea, hajui uvivu. Akikupikia ndizi za kwao utazipenda, lakini usinipigie simu kunieleza.

Nisalimie shangazi, nimeshampatia kitenge cha kwaya alichoniagiza. Kaka mkubwa mwambie apunguze kunywa ulanzi, mahindi hayajipalilii.

Neno moja tu, mama. Najua kwako kila binti anayepiga hodi unamwita mwanangu. Huyu mwite Atupele.

Mwanao,
Semeni