Samaki Mkononi mwa Bibi Harusi

Somo yangu Zainabu,

Tangu asubuhi naketi nainuka, nafunga dirisha nalifungua tena, na mama yangu ameshauliza kutoka jikoni kama nina upele. Najua barua hii haina pa kufikia. Ulinishinda kusoma na ulikuwa ukiucheka mwandiko wangu, lakini leo utauvumilia, maana habari za mwanao sina wa kumwambia ila wewe. Hapa mtaani kila mtu ana rai yake.

Nyumba yenu ya Kibokoni imepangishwa. Wameingia watu wa kupika halwa, na ukipita alasiri njia nzima yanukia iliki. Baada ya kukuzika, mumeo Athmani alihamia kwa dadake Majengo. Alikonda. Kila Ijumaa baada ya sala alikuja kwetu kumwona mwanao Maryamu, kwa sababu Maryamu alikuwa kwangu. Alilala kitanda changu, tukala sinia moja, na mimi nisiyejaaliwa kuzaa nikaanza kusema “mtoto wetu” mbele za watu. Hakuna aliyenisahihisha.

Kisha siku moja Athmani akaja, na si Ijumaa. Alisimama mlangoni, akakataa kuingia. Alisema amepata kazi ya ukarani serikalini, Nairobi, kwa kuwa Wazungu wanaondoka na nafasi zimekuwa nyingi, na kwamba atamchukua binti yake. Aliyasema kwa adabu, macho chini. Nikamwambia mtoto huyu haijui baridi. Akanijibu kwamba hata yeye haijui.

Nikamwomba siku moja nikae na mtoto. Akanipa Jumamosi.

Wanijua, somo. Nilikuwa na hila. Nilitaka kumzungusha mwanao mji wote, macho yashibe na tumbo lishibe, mpaka mwenyewe aseme hatoki. Nilijiambia sitamwuliza neno, kwa kuwa sijasahau ulivyonishika kule hospitali, mkono wako ukiwaka moto, ukasema: “Somo, mwanangu asikatwe kama doti ya kanga, huku kipande na huku kipande.” Nilikuitikia. Basi sitamwuliza, nikasema, mji utamwuliza kwa niaba yangu.

Tulianza kwa jirani yetu Bi. Hawa, tukala mahamri na mbaazi za nazi ukumbini mwake. Maryamu alikula polepole, akichovya, akilamba vidole. Mimi nilimega hamri moja nikaliacha. Kabla hajamaliza chai nilishavaa buibui.

Nikampeleka Ngomeni. Tangu ilipoacha kuwa jela sikuwahi kuingia. Wewe ndiwe uliyeingia ukarudi ukinisumbua na habari za ule ukuta wenye picha. Tuliuona. Merikebu, watu, samaki, vyote vimechorwa kwa rangi nyeusi na nyekundu kama mtu aliyekuwa akicheza. Mtoto aliuliza ni nani aliyechora. Nikamwambia Wareno, waliokaa hapa wakingoja kurudi kwao. Akafikiri, akasema, “Hawakuwa na karatasi.” Nilicheka, na papo hapo nikamvuta mkono twende. Siku nzima nilimvuta hivyo, nikimwonyesha hiki kabla hajakimaliza kile. Sijui nilikuwa nakimbizwa na nini. Jua lilikuwa bado changa.

Kwenye mtaa wa Ndia Kuu mtoto alinishinda. Palikuwa na mlango wa zamani, fremu yake imenakshiwa kutoka juu hadi chini, na chini kabisa fundi amechonga samaki. Mwanao akachutama. Akapitisha kidole gamba kwa gamba, na watu wakipita, na mimi nikimwambia inuka utachafuka. Hakuinuka mpaka alipomaliza upande wa pili pia.

Baada ya adhuhuri tulikula kwetu samaki wa kupaka na wali, mama yangu akimwekea mnofu wa shavu kama alivyokuwa akikuwekea wewe. Halafu tukaenda Bondeni. Nilitaka tu kuwapa mkono kina Bi. Saumu, kwa kuwa Fatma wao anaolewa, na ulikuwa umeahidi kumpaka hina wewe mwenyewe. Tukakuta nyumba imevurugika. Mchoraji waliyemwita amefiwa na kakake Likoni, hina imeshakorogwa, bibi harusi amekaa na mikono mitupu, na Bi. Saumu mamake anatembea chumbani huku na huku kama mimi.

Bi. Saumu akamtazama Maryamu, aliyekulia kando ya hina yako. Sikusema kitu, Zainabu, nakuapia. Lakini nikaona hii ndiyo kamba ya kumfunga hapa. Akishika nafasi yako mjini, nani atamtoa?

“Nitajaribu,” mwanao akasema.

Alichonga kijiti cha chelewa ya mnazi kwa kisu, akakijaribu kwanza kwenye kiganja chake. Alianza na maua yako, yale ya asumini yanayopanda kutoka kifundo cha mkono hadi kidole cha kati. Wanawake wakamzunguka. Kisha, alipofika mgongo wa mkono, akaacha maua. Akachora samaki. Samaki mzima, magamba yote, mkia umepinda kuelekea kidole gumba.

Bi. Saumu akasema hajapata kuona samaki mkononi mwa bibi harusi, na watu watasemaje. Fatma akautazama mkono wake, akaugeuza kidogo kwenye mwanga.

“Mwache, mama. Mkono ni wangu.”

Basi wakacheka, na nyumba ikatulia. Alipomaliza mkono wa pili, nyanyake Fatma akasogezwa aone. Kikongwe yule akamshika Maryamu kidevu, akasema, “Yuwafanana na mamake. Ni mkono ule ule. Zainabu amerudi.” Na wote wakalipokea neno lile, huyu akimpa yule, Zainabu amerudi, Zainabu amerudi, wengine wakifuta machozi. Mimi pia nililia. Nililia kwa furaha, nikidhani nimeshinda.

Mwanao alikuwa ananawa mikono. Hakuinua uso.

Tulirudi na viazi karai vya moto vimefungwa gazetini, tukakaa ukumbini kwetu kuvila na chatini ya ukwaju. Hapo ndipo uvumilivu ulipoisha. Nilimwuliza. Nisamehe. Nilimwambia umeona leo, mji mzima utakuita, kaa nami hapa uwe fundi kama mama.

Alitafuna mpaka akamaliza. Akasema, “Mama mdogo, wote walikuwa wakimtazama mama. Samaki nilimchora mimi.”

Nikamsogezea chatini. Baadaye akaongeza, kwa sauti ndogo, kwamba babake akila peke yake huacha chakula, na shangazi amemwambia hivyo. “Nataka kwenda naye.”

Athmani alipobisha hodi alikuta viazi vimebaki kati yetu. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, nilimwona mabegani. Nikamkaribisha ndani, na safari hii akaingia. Nikamwekea viazi. Nikamwambia mtoto ameshasema mwenyewe, atakwenda nawe, na mimi ninachotaka ni uniletee likizo zikifika. Akakishika kiazi asikile. “Dada Zainabu,” akaniita, na hajapata kuniita hivyo tangu ufe, kwa sababu jina ni lako pia. Kisha akala. Alikula vyote, na Maryamu akimtazama.

Juzi niliwasindikiza stesheni. Nilimpa Maryamu sweta ya sufu, pakiti ya penseli za rangi, na kopo la achari. Alinikumbatia, akapanda, akakaa dirishani upande usio wangu, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na vitu vya kuona. Nilisimama mpaka watu wa stesheni wakaanza kufagia.

Sasa nyumba imekuwa kubwa. Naingia chumba hiki natoka kile. Mama asema itapita.

Mimi sijavuka Makupa kutoka kisiwani kwenda bara maisha yangu yote, na ulinicheka sana kwa hilo. Nakuahidi, mvua zikikatika nitapanda treni nimfuate huko kwenye baridi, nimtazame anavyokua. Na nikimkuta, sitamwambia amefanana nawe, hata kama ulimi utaniwasha. Nitamwuliza amechora nini.

Nakuacha kwa Yule aliyekuita, somo. Yeye hachoki kukulinda.

Mwenye jina lako,
Zainabu