Makofi Mawili ya Menas

Jumatatu, 15 Julai

Baridi kali. Ukungu haukuondoka Mkumbi mpaka saa nne. Nimegeuza kahawa kwenye vichanja, nimetoa punje mbovu, nimekunywa uji bila sukari. Mchana barua ya Padre imefika. Vijana wanaomba ukumbi wa parokia, Jumamosi ya tarehe 10 Agosti, kwa ajili ya mapigano yao. Kanuni ya ukumbi ni fupi: harusi, mikutano na michezo. Niliiandika mimi, katibu wa parokia. Sasa Padre anauliza kama huu ni mchezo. Anataka maoni yangu kwa maandishi kabla ya mwisho wa mwezi. Atafuata nitakalosema.

Wao wanayaita MMA. Mimi nitaandika mapigano mseto. Ngumi, mateke, mieleka na kabali, vyote kwa pamoja. Jibu langu ni hapana.

Jina la kwanza kwenye orodha ya wapiganaji ni Editha. Mjukuu wangu.

Jumanne, 16 Julai

Sijaandika barua. Ilikuwa kazi ya nusu saa.

Asubuhi muuza dagaa wa usipa kutoka ziwani alisimama nje ya ua, ndoo chini, akapiga makofi mawili ya polepole, kama wafanyavyo kwao wanapomwomba mkubwa. Sikutoka. Akapiga tena. Nilikaa kitandani mpaka alipokwenda zake. Miaka arobaini na mitatu, na bado.

Alhamisi, 18 Julai

Editha amekuja kutoka mjini. Ana miaka ishirini na mitatu, anashona nguo sokoni, na mabega yake yamekuwa ya mbeba magunia. Amenipa shikamoo yangu vizuri, magoti yamekunjwa. Kisha akaanza kuchagua kahawa bila kuombwa. Nikajua ana neno.

"Babu, wanasema kalamu iko kwako."

"Iko kwangu."

"Ukikataa hatuna ukumbi mwingine. Nimefanya mazoezi miezi kumi na minne."

Nikamwambia kabali ni kazi ya wezi wa stendi. Akacheka. "Mwizi hana mwamuzi, Babu. Jaribu kumgonga begani kuomba basi, uone kama atakuachia."

Nikamwambia kwamba anayempiga mwenzake aliyelala chini hachezi. Akaacha kucheka. "Njoo Jumamosi uone, ndipo uandike. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma swali kabla ya kujibu."

Amenishinda. Imeniudhi.

Jumamosi, 20 Julai

Nimekwenda. Wanafanya mazoezi katika ghala tupu la kahawa, nyuma ya soko. Magodoro ya zamani, juu yake turubai. Editha ndiye aliyelishona. Wote waliniamkia, hata yule mwenye sikio lililovimba kama andazi.

Editha alimwangusha msichana mwenzake, akampiga kabali. Mishipa ya shingo ya yule binti ilisimama. Nikashika fimbo yangu ili niinuke. Ndipo alipogonga turubai kwa kiganja, mara mbili. Editha akamwachia papo hapo, kama aliyeshika kaa la moto.

"Umeniua, dada!"

"Hujafa. Unaongea."

Wakacheka, wakainuana.

Niliomba maji. Yalipoletwa nilitoka nje nayo bila kuyanywa. Mwalimu wao alidhani ni joto. Mbinga, mwezi wa saba.

Jumapili, 21 Julai

Sikupokea komunyo. Nilibaki kwenye benchi. Waliniona.

Jumanne, 23 Julai

Sijalala vizuri tangu Jumamosi. Nitaandika, labda litatulia.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, Mmatengo wa milimani, nimepangiwa shule ya ufukweni. Nilikuwa nimemaliza wiki tatu tu pale. Kiswahili cha watoto nilikisahihisha kila siku. Desturi zao sikuziuliza. Nilikuwa mwalimu wa nidhamu. Wavulana wawili waligombana. Badala ya viboko nilitumia utaratibu niliouona nilikosoma: duara la wanafunzi, mikono imefungwa vipande vya gunia, wapigane mpaka mwalimu aseme basi. Niliona ni haki kuliko fimbo. Niliuita mchezo. Ndilo neno nililotumia mbele ya darasa.

Menas alikuwa mdogo kuliko mwenzake. Miaka kumi na mitatu. Alianguka, akainuka. Akaanguka, akainuka. Mara ya tatu alibaki amepiga magoti. Akanigeukia mimi, si mwenzake, akakutanisha mikono mara mbili. Gunia halikutoa sauti ya kofi. Lilitoa mlio mzito, mfu, kama mto unaokung'utwa. Nilidhani anakung'uta vumbi apate kuendelea.

Nikasema, "Endeleeni."

Alirudi darasani kwa miguu yake. Jioni alitapika. Asubuhi mama yake alikuja kuniomba ruhusa ya kumpeleka nyumbani. Alipiga magoti mbele yangu, akapiga makofi mawili, polepole, viganja vimejikunja. Hapo ndipo nilipoelewa mtoto alikuwa ameniomba nini.

Menas alifariki siku iliyofuata.

Taarifa niliiandika mimi. Mwanafunzi aliteleza juu ya mawe ya ziwani. Haina kosa hata moja la sarufi.

Jumatano, 24 Julai

Halijatulia. Kila kinachoanguka kina mlio ule. Gunia la kahawa. Blanketi kwenye kamba. Nimeanza barua ya Padre mara nne. Kila nikiandika "si mchezo", mkono unauliza ninazungumzia mapigano yapi.

Kesho nitashuka ziwani.

Ijumaa, 26 Julai

Nimerudi kutoka Lundo, nilikofundisha. Mgongo unauma.

Nilimkuta Gaudensia, dada yake Menas, anaanika usipa. Ana mvi sasa. Mama yao alizikwa miaka sita iliyopita. Gaudensia alinitambua kabla sijajitaja. Nilisimama juani nikasema yote, tangu gunia mpaka taarifa. Hakuacha kugeuza samaki.

"Tunajua, Mwalimu. Darasa zima lilikuwepo. Ulidhani watoto hawana midomo?"

Nikauliza kwa nini hawakunishtaki.

"Karatasi ilisema mawe. Tungeshindana na karatasi? Mama alisema utakuja mwenyewe. Gari likisimama, anaangalia nani anashuka. Mpaka macho yake yakafa, akawa anatuuliza sisi: nani ameshuka?"

Nilimwomba radhi. Aliingia ndani, akatoka na daftari la mjukuu wake. "Andika upya. Usipambe."

Nimeandika kurasa mbili na kutia sahihi. Mjukuu akamsomea kwa sauti, akikwama kwenye maneno marefu. Gaudensia alisikiliza mpaka mwisho, akalifunga daftari ndani ya khanga.

Mgeni haondoki kule bila kufungiwa samaki. Mimi nimeondoka mikono mitupu. Ni sawa.

Jumatatu, 29 Julai

Nimempelekea Padre bahasha mbili. Ya kwanza ni maoni. Nayanakili:

"Naafiki ukumbi utolewe. Mapigano haya siyapendi, wala sitayapenda. Lakini aliyeelemewa anaweza kuyamaliza kwa kiganja chake, na wote waliomo, hata anayemkaba, wanalazimika kumtii. Kwa hiyo ni mchezo. Pale ambapo aliyeelemewa hana njia ya kusema basi, au anasema na mkubwa hajui kumsikia, hapo si mchezo, hata kama msimamizi ni mwalimu. Daktari awepo. Asipokuwepo, ukumbi ufungwe."

Bahasha ya pili ina nakala ya maelezo yale niliyoyaandika Lundo, pamoja na barua ya kuacha ukatibu. Nimemwambia ayapeleke panapostahili, nitakwenda nitakapoitwa. Aliyasoma mbele yangu. Kisha akauliza kama Editha anajua.

Hajui.

Alhamisi, 1 Agosti

Nimemwambia, kibandani kwake sokoni. Alisimamisha cherehani.

"Alikugeukia wewe?"

"Mimi."

"Ukasema waendelee."

Akakanyaga cherehani tena, mshono ukaenda upande, akaufumua. Hakuinua uso. Nilipoaga hakuitikia. Tangu azaliwe hajawahi kuninyima neno la kwaheri.

Jumanne, 6 Agosti

Editha hajaja. Kahawa naigeuza peke yangu. Maelezo yangu yamefika wilayani. Nimeambiwa nisubiri.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimekaa safu ya mwisho. Ukumbi umejaa. Daktari yupo, nimemwona kwa macho yangu. Mpinzani wa Editha ni binti mrefu kutoka Songea. Raundi ya kwanza ilikuwa ya Editha. Kijana mmoja nyuma yangu alikuwa akipayuka, "Mshonaji, mkate kipande! Mpime shingo!" Watu wakafa kwa kicheko.

Raundi ya pili Editha akaanguka vibaya. Yule wa Songea akaukamata mkono wake wa kulia, akaulaza juu ya paja, akaanza kuunyoosha. Mkono wa kushonea. Mwamuzi akainama karibu, akamtazama. Editha hakugonga. Meno yamekazwa. Namjua. Kiburi kile ni changu, nilimpa mimi.

Mkono ukazidi kunyooka. Akageuza uso upande wa watu, akaniona.

Nilipiga magoti. Sakafu ya saruji, miaka sitini na tisa. Nikainua mikono na kupiga makofi mawili, polepole, viganja vimejikunja. Kelele zilikuwa nyingi, hakuweza kusikia. Lakini aliona.

Akagonga. Mara mbili. Pigo la pili halikuwa limemaliza kulia, mwamuzi alikuwa ameshamtoa yule binti juu yake.

Wawili walinisaidia kuinuka. Mmoja aliuliza kama nimeanguka. Nikamwambia hapana.

Jumapili, 11 Agosti

Ukungu umeondoka mapema. Editha yuko hapa tangu jana. Daktari amesema ni mishipa tu, apumzike wiki tatu. Mkono ameufunga kwa khanga shingoni. Anageuza kahawa kwa mkono wa kushoto na kuimwaga chini. Naiokota. Hatujazungumza juu ya jana, wala juu ya Menas. Asubuhi ameniamkia.

Saa tano muuza usipa alipita. Kofi la kwanza lilipolia nilikuwa nimeshasimama. Nimekwenda kufungua.