Ukoka wa Makaburini Mtoni

Kaburi la mama limetupotea, kaka Hamisi, ukoka umelimeza.

Hamjambo huko Pangani? Mie niko Mbweni kwa mwanangu Rukia, mwalimu mkuu mzima, nyumba ina vigae mpaka jikoni. Jana tulikwenda makaburini Mtoni. Tukamsomea mama Yasini, kisha mwanangu akapiga magoti kung'oa ukoka kwa mikono yake, mizizi kama kamba. Kikatokea kibao.

"Mama, huyu mzee Selemani."

Nikacheka kidogo, kisha nikalia. La mama halina kibao, na siku ya kuzika sie wanawake tulibaki nyumbani. Uliyemlaza ni wewe, kaka yangu, na macho yako ndiyo hayo yanafifia, Mungu akutunzie. Njooni nyote mtuonyeshe, Ijumaa ya kwanza ya Rajabu.