Usimwandikie Mama Tena "Jipe Moyo"

Keko,
Dar es Salaam,
Tanganyika.
5 Novemba, 1957.

Mpendwa mdogo wangu Adelard,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo? Baridi ya huko Ulaya inasemaje? Kile kikohozi ulichotuandikia habari zake mwezi wa Machi kimeondoka? Unakula ukashiba? Nakuuliza yote hayo kwa sababu nimelelewa, na aliyenilea mimi ndiye aliyekulea wewe. Lakini ujue nakuuliza huku nimeuma meno.

Hapa ndipo pa kuandika "sisi sote huku ni wazima wa afya." Siandiki. Mama ni mgonjwa, Adelard. Mgonjwa hasa. Na ugonjwa wenyewe ni huo huo uliovuka bahari kwenda kuusomea, huo huo unaowafundisha Wazungu. Basi kaa kwenye kiti chako usome mpaka mwisho, wala usiruke mistari kama tabia yako.

Kumbuka barua yetu ya mwezi wa Juni. Mama alikuwa amekaa mkekani, nami nimeacha cherehani ili niandike anayoyasema. Alisema: "Mwambie Adelard moyo wangu hautulii. Unakimbia mchana, unakimbia usiku. Nikilala nausikia masikioni." Nikaandika hivyo hivyo, sikutia chumvi wala sikupunguza.

Wewe ukajibu nini? Ukajibu barua tamu kama halua. "Mama yangu mpenzi, hata mimi huku moyo wangu unakimbia kuja kwako kila siku. Bahari ni kubwa lakini upendo wa mtoto kwa mama yake ni mkubwa zaidi. Jipe moyo." Niliisoma kwa sauti barazani. Bi Somoe, jirani yetu, alilia mpaka upindo wa kanga ukalowa. Mume wangu Gozbert, ambaye hata nyundo ikimpiga kidole hatoi chozi, aliinuka akaenda kusimama karibu na mbao zake. Mama akaniomba nimsomee tena.

Jipe moyo! Autoe wapi mwingine, we mtu? Daktari wa moyo, tena mzima na akili zake, anaambiwa moyo unakimbia, naye anajibu kama kijana aliyeandikiwa na mchumba! Hukuuliza umeanza kukimbia lini. Hukuuliza analala vipi, anakula vipi, mikono yake ikoje. Umeona neno moyo ukadhani tunaimba taarabu.

Wala usinijibu kwamba tungesema wazi. Unamjua Mama. Kwake yeye mwili wa mama hausemwi mbele ya mtoto wa kiume, hata huyo mtoto akiwa daktari wa Malkia. Alipotoka jipu pajani kule nyumbani Bukoba, wewe uliambiwa amekwenda kumsalimia shangazi, ukaamini, ukala ndizi ukalala. Basi safari hii alikueleza kwa njia anayoiweza, kwa heshima yake. Alikuwa anakuita. Aliyesomea kufumbua mambo hayo ni wewe.

Sisi huku tulikuwa na majibu yetu tayari. Alipokonda tulisema amekosa ndizi za nyumbani, hizi za Kariakoo hazina utamu. Alipokuwa akilalamika joto, anajipepea hata wakati wa mvua, tulisema huyu amezoea ubaridi wa ziwa, Dar itamzoesha. Macho yalipoanza kumtoka, Bi Somoe alisema ni kijicho cha watu, mtoto akisoma mno husuda inamwangukia mama. Na kula anakula, jamani! Anawashinda mafundi wa Gozbert, lakini gauni linamlegea mpaka nimelipunguza kiunoni na nikalipunguza tena. Hizo ni akili zetu sisi wa cherehani na randa, na hakuna anayetudai zaidi. Wewe ndiye unayedaiwa.

Sasa sikiliza ya kanisani, maana hayo ndiyo yanayonichoma.

Jumapili ya juma lililotangulia hili lililopita, Padre alipanda mimbarini na gazeti mkononi. Lilikuwa na habari zako, na picha yako umevaa koti jeupe. "Mwana wa Bukoba awafundisha Wazungu siri za moyo," ndivyo kilivyosema kichwa cha habari. Padre akasoma jinsi unavyochunguza homoni na maradhi ya moyo, jinsi maprofesa wanavyokusifu. Kisha akasema, "Mama wa daktari yumo humu ndani. Ma Kokushubila, simama watu wakuone."

Mama akasimama. Watu wakapiga makofi kanisani, Adelard, na akina mama wa nyuma wakapiga vigelegele. Mikono ya Mama ikawa inatetemeka mpaka rozari ikagonga benchi. Mama mmoja kando yangu akasema, "Tazama furaha inavyomtetemesha!" Nami nikatabasamu. Misa ilipokwisha wakapanga mstari mlangoni kumshika mkono, kila mtu akitaka kumgusa mama wa daktari wa moyo. Akawashika wawili watatu, kisha akaanguka pale pale kwenye ngazi, watu bado wanampongeza.

Alibebwa kwenye lori la mbao la Sadallah, yule dereva anayemletea Gozbert mninga. Amelazwa juu ya maranda, mama wa daktari! Hospitalini tuliwekwa kwenye benchi letu sisi Waafrika, tukangoja mpaka jua likageuka.

Daktari aliyetupokea ni Mhindi, mtu mpole, sauti ya chini. Akaomba Mama afungue kile kitambaa cha shingoni. Mama alikuwa anajifunga kitambaa hicho tangu kipupwe, nasi tukidhani ni urembo wa kizee. Alipokifungua, nikaona shingo imejaa hapa mbele kama amemeza kitu kikakwama. Alikuwa akituficha. Daktari akapapasa, akatazama macho, akaweka kipimo chake kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akanieleza kwamba kuna tezi hapo shingoni, na hiyo tezi inamwaga maji yake kwenye damu kupita kiasi, na maji hayo ndiyo yanayoucharaza moyo ukimbie bila kupumzika, kama punda mwenye bwana mbaya.

Adelard, maneno hayo nilikuwa nayajua! Ni yako! Ndiyo uliyotuandikia Pasaka ya mwaka jana, kurasa nzima, ulipotueleza kazi yako: tezi, homoni, moyo, sungura. Nilisoma barua ile barazani kwa majivuno, na Mama alikuwepo anasikiliza, kitambaa hajaanza kukivaa bado. Nilitaka kucheka pale mbele ya daktari, machozi yakawahi.

Nikamwambia, "Bwana daktari, ndugu yangu wa tumbo moja anafanya kazi ya ugonjwa huu huu huko Ulaya." Nikamtajia jina lako. Yule bwana aliinuka kitini akanipa mkono, kumbe amesoma maandishi yako. Akauliza, "Basi mmemwandikia? Amewashauri nini?" Nikamjibu, "Tumemwandikia. Ameshauri Mama ajipe moyo." Daktari akainamisha uso akawa anapanga kalamu zake mezani. Mie nimeona aibu nyingi maishani, lakini ile sijapata kuiona.

Haya, sasa mambo yenyewe. Daktari anasema tezi itabidi ikatwe, na kuikata anaweza yeye mwenyewe. Lakini kwanza moyo utulizwe kwa vidonge, maana tezi ikikatwa moyo ungali unakimbia hivi, Mama hatashuka mezani akiwa hai. Na vidonge ghalani hakuna, tumerudishwa nyumbani tungoje. Vimeagizwa, vinakuja kwa meli, na meli hiyo hakuna anayejua iko bahari gani. Jina la vidonge ameliandika mwenyewe kwenye karatasi ndogo niliyoitia humu. Huko kwako hutembei nusu siku bila kuvipata, pengine viko kabatini mwako. Vitie kwenye ndege siku hiyo hiyo utakayoisoma barua hii. Kisha na wewe ujitie kwenye ndege uvifuate.

Ndiyo, najua ulivyoandika mwezi wa Agosti. Noeli huji. Una mkutano wa madaktari, utasimama usome mbele yao uliyoyagundua katika mioyo ya sungura, na baada ya hapo utapewa kiti cha kufundisha chuoni. Vizuri. Lakini mwenyewe ulituandikia kwamba sungura wako moyo ukienda mbio unakaa naye mpaka kunakucha, unamsikiliza, unamwandika. Laiti Mama angezaliwa sungura, angekuwa na daktari.

Najua pia kwa nini unaogopa kurudi, usidhani mie mjinga. Ukirudi, Serikali itakuita msaidizi, itakuweka chini ya kijana wa Kizungu ambaye pengine wewe ndiye uliyemfundisha mahali moyo ulipo. Hilo nalo linanitia hasira, tena kubwa. Gozbert anasema mambo hayo hayana siku nyingi, watu wameanza kusema. Hata yakiwa na siku nyingi, hayo ni madai yetu na Serikali. Mama hayamo. Mama hakukubagua wewe alipokuwa akigawa chakula.

Usiseme nakuonea wivu wa masomo. Mie niliacha shule ili wewe uende, na sijawahi kujuta, na leo sijuti. Nilitaka ujue moyo. Umeujua, sasa mjue na mwenye nao.

Habari nyingine ni chache. Mvua za vuli zimeanza vibaya, mbao za Gozbert zimeloana na vitanda vya watu vimechelewa, kila siku kelele uani. Binti yangu Genoveva anakusalimu, anasema anataka kuwa nesi. Nimemwambia ajifunze kwanza kujibu barua. Binamu yetu Kasimiri amepata mtoto wa kiume amempa jina lako. Nimemwambia angengoja kidogo tuone.

Bi Somoe naye anakusalimu. Ameacha kusema kijicho, siku hizi anakuja asubuhi kumpepea Mama na kumtania kwa maneno yake ya Kipwani mpaka Mama anacheka. Ameniambia nikuandikie hivi, na mie naandika: "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, lakini huyu wenu naona kanyookea upande mmoja." Gozbert anasema yeye hana la kusema, ila kitanda chako kiko tayari, amekitengeneza kwa ule mninga mzuri.

Nilikuwa nataka kufunga barua, mara Mama ameamka. Ameniuliza ninaandika nini kwa nguvu hivi mpaka meza inalia. Nimemwambia namwandikia Adelard. Amejivuta ukutani, amefunga kitambaa chake shingoni kwanza, kana kwamba umo humu chumbani, kisha amenishika mkono akasema niandike maneno yake. Nayaandika kama alivyoyasema:

"Mwanangu, moyo wangu sasa umetulia kabisa. Usiache kazi ya watu kwa ajili yangu."

Umesikia? Ni maneno mazuri, ungeweza kuyajibu kwa barua nzuri nyingine. Lakini wakati anayasema mkono wake ulikuwa mkononi mwangu, na kidole changu kilikuwa pale penye mshipa, pale ulipotuonyesha wewe mwenyewe siku ile ya kuondoka tukicheza udaktari bandarini. Haujatulia, Adelard. Sikuuhesabu, kuhesabu ni kazi yako. Bado kidole kinaniwasha.

Njoo umsikilize mwenyewe.

Mungu akufungulie njia, na Mama Maria akushike mkono angani, na umkute Mama yetu anakungoja barazani.

Ni mimi wako akupendaye hata nikiwa nimevimba kwa hasira, niliyekubeba mgongoni mpaka mto ukataka kutuzamisha sote wawili, ambaye leo sitaki hata kukuona. Nakudanganya, nataka kukuona,

dada yako,
Demetria.